Divai Nyeupe na Tangawizi: Ipi Huongeza Damu?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama huuliza mara kwa mara: kati ya divai nyeupe, yaani waini, na tangawizi, ni ipi inayompa nguvu na damu mama mjamzito au anayenyonyesha? Kila moja ina sifa zake, na sifa hizo zimetoka mbali.

Tangawizi ndiyo mgeni wa zamani. Asili yake ni Asia, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyoileta kwetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta wenyeji wakila chakula chao pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kwa hiyo pwani inaijua kwa karibu miaka 700. Huku kwetu bara, reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kitale mwaka 1926, na nyuma ya reli yakaja maduka ya Wahindi. Kutoka kwa Wahindi tukajifunza kutia viungo kwenye chai ya maziwa.

Divai ilikuja baadaye, kwenye mizigo ya masetla wa Trans Nzoia na kwenye altare za misheni za Kikatoliki. Mapadri wengi hupenda ile nyeupe kwa sababu haiachi madoa kwenye vitambaa. Lakini Quaker, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902 na kisha kuenea hadi Bungoma, hawatumii divai katika ibada, na pombe waliipiga vita. Wazungu walikuja pia na imani yao ya kitabibu: katika Uingereza ya karne ya 19 madaktari waliwaandikia wagonjwa dhaifu divai kama dawa. Huenda sifa ya kuongeza damu ina mizizi huko.

Sasa tupime. Gramu 100 za divai nyeupe zina kalori 82 hivi. Gramu 100 za tangawizi mbichi zina kalori 80. Karibu sawa! Lakini katika divai, kalori zaidi ya 70 zinatoka kwenye pombe yenyewe, na pombe haijengi mwili wa mtoto. Tangawizi ina wanga gramu 18, protini karibu gramu 2, nyuzinyuzi gramu 2, na potasiamu miligramu 415, ambapo divai ina 71 tu.

Utasema tangawizi imeshinda. Ngoja kidogo, mama. Ni nani anayekula gramu 100 za tangawizi? Kipande unachoponda kwenye chai ni gramu 5 hivi, na hicho kina kalori 4. Tangawizi ni kiungo, si chakula.

Na damu je? Mama mjamzito anahitaji madini ya chuma miligramu 27 kwa siku. Kuyapata kwa divai nyeupe pekee angehitaji lita 10 kila siku. Kwa tangawizi, kilo 4 na nusu! Damu iko kwenye ini, nyama, omena, maharagwe, saga na terere, pamoja na zile tembe za kliniki ambazo wengine wetu huzificha kabatini kwa sababu zinachafua tumbo. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya tangawizi isinywewe pamoja na chakula wala na tembe hizo. Subiri angalau saa moja. Au chemsha tangawizi kwa maji matupu.

Hata hivyo tangawizi ina kazi yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, liliitaja miongoni mwa vitu vinavyopunguza kichefuchefu cha miezi ya kwanza ya mimba. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Kwa upande wa divai, onyo lilitoka Ufaransa, nchi ya divai yenyewe. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi, wengi wakiwa na kasoro za maumbile na ukuaji duni. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakathibitisha hali hiyo. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba, iwe divai, busaa au chang'aa. Kwa anayenyonyesha, pombe hupita hadi kwenye maziwa.

Kuna chupa moja inayounganisha vitu hivi viwili. William Woodward wa Nottingham alitengeneza gripe water yake mwaka 1851, na kwa zaidi ya karne moja dawa hiyo ya watoto wachanga ilikuwa na pombe ndani. Uingereza iliiondoa pombe hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi baadhi ya chupa za aina hii hutiwa tangawizi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji hata moja. Maziwa ya mama yanamtosha. Analia sana? Mpeleke kliniki, na uibebe hiyo chupa mhudumu aisome.