Ngozi ya magome ya miwati: kwa nini mkanda mmoja hudumu na mwingine hukatika

Mvua za kwanza zinaponyesha Novemba au Desemba, mkulima wa Mbeya au Iringa anayelima kwa maksai hana siku za kupoteza. Mkanda wa shingoni ukikatika katikati ya shamba, nira inalegea, maksai wanatoka, na kazi ya siku hiyo imekwisha. Mara nyingi mkanda huo haukuzeeka, ila ulikuwa ngozi mbichi iliyokaushwa tu.

Ngozi iliyokaushwa juani haijasindikwa. Ikinyeshewa inalainika na kunyooka, ikikauka inasinyaa na kuwa ngumu kama ubao, na kingo zake zinamchubua mnyama. Ikikaa na unyevu inaoza. Isitoshe, mbwa akiipata ataitafuna, kwa kuwa kwake hiyo bado ni nyama.

Kinachoigeuza ngozi isioze ni tanini, kitu kilichomo katika magome ya miti mingi. Unakijua tayari: ni ule ukakasi wa ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokolea mno. Tanini hushikamana na protini, ndiyo maana ulimi hukakamaa. Ikishikamana na nyuzi za ngozi, vijidudu vya kuozesha hushindwa kuzila.

Nyanda za Juu Kusini zina hazina kubwa ya tanini. Miwati, mti ulioletwa kutoka Australia, umepandwa kwa wingi Njombe, eneo lililokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi lilipokuwa mkoa kamili mwaka 2012. Kampuni ya miwati ya huko, TANWAT, ilianzishwa 1949 kwa ajili ya kukamua dawa ya ngozi kutoka kwenye magome. Wengi wetu tunaujua mti huu kwa kuni na mkaa, lakini gome lake ndilo lililouleta.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Ngozi huoshwa damu na chumvi, kisha hulowekwa katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa hadi manyoya yaachie. Manyoya hukwanguliwa upande mmoja, nyama na mafuta upande wa pili, na chokaa yote huondolewa. Ndipo ngozi huingia katika maji ya magome yaliyopondwa. Huanza na maji mepesi, kisha makali zaidi kila baada ya muda. Ukianza na makali, sehemu ya juu hujifunga na tanini haifiki ndani. Ngozi nene ya ng'ombe inaweza kuchukua miezi. Kazi hii haifanywi katika pipa la chuma, maana tanini ikikutana na chuma hutoa weusi kama wino. Mwisho ngozi hushibishwa mafuta ya wanyama na kukaushwa kivulini.

Viwanda vingi duniani leo hutumia kromiamu, inayomaliza kazi kwa siku chache. Ngozi hiyo ni laini na nzuri kwa viatu, lakini huvutika, na mkanda wa kukokotea hautakiwi kuvutika. Unaponunua mkanda, tazama sehemu iliyokatwa. Ya magome ina rangi ya kahawia hadi katikati, na ya kromiamu mara nyingi ina ubuluu ndani hata kama juu imepakwa rangi. Ukiona mstari mweupe unaong'aa katikati, dawa haikufika ndani. Usinunue, hata kwa bei ya chini.

Mkanda mzuri ukiwa mpya una wekundu hafifu. Jua, mikono na mafuta huufanya kuwa kahawia iliyokolea, na unazidi kulainika pale unapokunjwa. Huo ni uzee mwema. Uzee mbaya huja mafuta yanapoisha na nyuzi zikaanza kusagana zenyewe kwa zenyewe. Ukunje mkanda: ukionekana mkavu bila nyufa, bado unaokolewa. Nyufa zikiwa zimefika ndani, usiupe kazi nzito. Ukitoa unga mwekundu, umekwisha, na mafuta hayawezi kuufufua.

Jasho lina chumvi, kwa hiyo futa mikanda kila baada ya kazi. Mara kwa mara katika msimu, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ianike kivulini, na ikiwa bado na unyevunyevu paka mafuta ya ng'ombe au ya kondoo yaliyoyeyushwa, yasiyo na chumvi. Ukiyachanganya na nta ya nyuki kidogo, maji ya mvua hayatapenya upesi. Oili chafu ya gari hapana: inaharibu nyuzi za kushonea na kuunguza ngozi ya mnyama. Na usikaushe mkanda uliolowa karibu na jiko. Ngozi yenye maji ikipata moto husinyaa na kukakamaa, na hairudi tena.

Baada ya msimu, itundike mahali pakavu penye hewa, si ndani ya gunia, ambamo ukungu huanza. Kagua mishono na matundu ya bizimu Oktoba, fundi akiwa bado na nafasi.