Lisansi ya Siasa: Bei Yake ni Gani? Mafundisho ya Historia Yetu

Jumamosi moja jioni, baba mmoja wa watoto sita alifika misioni, akakaa kwa kimya, kisha akasema: «Padri, mtoto wangu amepokelewa iniversite. Anataka kusoma siasa. Mimi niko na shamba moja na ng'ombe wawili. Niuze, ao nisiuze?»

Makatekista wengi wanajua swali hili, maana linawafikia wao mbele ya kumfikia padri. Si swali la feza tu. Lakini ni swali la feza pia, na si vema kumjibu mtu maskini kwa maneno matupu juu ya uzuri wa elimu. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anahesabu gharama. Basi nasi tukae, tuhesabu. Historia ya nchi yetu itatushikia mizani.

I. Elimu isiyokuwa na mnunuzi

Wakati wa Kongo ya Wabeljika shule ndogo zilikuwa nyingi, na sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa misioni. Lakini kwa muda mrefu, kijana mwenye kutaka masomo ya juu alikuta karibu mlango mmoja tu: seminari. Kwa mlango huo alipita Stefano Kaoze, aliyepata upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongomani wa nyakati hizi. Kwa mlango huo alipita pia Joseph Kasa-Vubu. Huyu alifika seminari kubwa ya Kabwe, katika Kasai, akasoma filosofia. Mwaka 1939 akatoka. Alifundisha, akafanya kazi nyingine, na tangu mwaka 1942 akawa karani katika biro ya feza ya serkali, Léopoldville.

Tuangalie vizuri. Miaka mingi ya masomo, Kilatini na filosofia, na mwisho wake meza ya karani. Je, elimu yake ilikuwa hafifu? Hapana. Lakini serkali, iliyokuwa bwana mkubwa wa kazi, haikutaka kuinunua. Wazungu walikuwa na sheria yao ya kazi na mishahara, Waafrika yao. Ni mwaka 1959 tu sheria moja ya kazi ya serkali iliwekwa kwa wote, na hapo pia Wakongomani karibu wote walibaki katika ngazi za chini. Katika vyeo vya juu vipatavyo 5,000, walihesabiwa 3 tu.

Fundisho la kwanza ndilo hili: bei ya diploma haikai ndani ya diploma. Inakaa katika mkono wa yule anayeitafuta.

II. Mwaka wa bei kubwa

Iniversite Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, ile ya serkali huko Elisabethville mwaka 1956. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata diploma ya namna hiyo. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, na wenye diploma za iniversite katika nchi nzima, kama inavyosemwa kwa kawaida, hawakufika 30.

Kisha, mwezi wa Julai, askari wakaasi, na wakubwa wa serkali wa Kizungu wakakimbia kwa maelfu. Mabiro yakabaki matupu. Hapo kila karatasi ya iniversite ilipata bei ambayo haijapata tena. Justin Bomboko, aliyekuwa amesoma siasa katika Iniversite Libre ya Bruxelles, alikuwa ministri wa mambo ya inje. Mwezi wa Septemba, Kanali Mobutu alipowasimamisha wakubwa wa siasa, alikabizi utawala kwa baraza la wakomisari, wengi wao wanafunzi wa iniversite na vijana waliotoka kumaliza masomo. Bomboko akawa mkubwa wao. Wengine walikuwa bado hawajafanya mtihani wa mwisho. Mwaka 1961 shule ya taifa ya sheria na utawala ikafunguliwa Léopoldville, ili kuwatengeneza wengine upesi.

Lakini mizani ina pande mbili. Mwaka huohuo wa 1960, madepite wa baraza jipya walijiwekea mshahara wa franka 500,000 kwa mwaka. Wengi wao hawakuwa na diploma yo yote ya juu. Walikuwa makarani, waalimu, wafanya biashara. Patrice Lumumba mwenyewe, ministri wa kwanza, alikuwa mbele karani wa posta huko Stanleyville. Basi kijana aliyetazama mambo hayo aliona njia mbili za kufikia utajiri wa serkali: kusoma siasa, ao kufanya siasa. Akachanganya hizo mbili, na mchanganyiko huo haujaisha katika vichwa vya watu. Wazazi wengi wanaolipa minervali ya siasa hawanunui elimu: wanadhani wananunua kiti.

III. Mshahara unaoyeyuka

Na kiti chenyewe, kilikuwa na bei gani? Tufanye hesabu ya shule. Mwaka 1960 dola moja ilikuwa franka 50. Franka 500,000 zilikuwa dola 10,000. Franka ikashushwa mwaka 1961, ikashushwa tena 1963. Mwezi wa Juni 1967 ilikuja zaire: zaire moja kwa franka 1,000, nayo ilikuwa na bei ya dola 2. Maana yake dola moja imekuwa franka 500. Zile franka 500,000 sasa zilikuwa dola 1,000 tu. Ni kweli kwamba mishahara ilipandishwa mara kwa mara, lakini ile isiyopanda ilipoteza sehemu 9 katika 10 kwa miaka saba.

Zaire nayo ikaporomoka. Mwaka 1993 feza mpya ilipotolewa, moja yake ilishika nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Wenye lisansi wakawa na vyeo, biro na muhuri, lakini mshahara wa mwezi haukutosha gunia la unga. Ndipo wazazi walipoanza kuwalipa waalimu wenyewe, ili shule zisifungwe. Ni mzigo ambao ninyi makatekista mmeubeba kuliko wengine.

Fundisho la pili: mwenye mnunuzi mmoja tu anaanguka pamoja naye. Seremala akikosa kazi kwa misioni, atatengeneza mlango wa jirani. Muuguzi atapata wagonjwa po pote. Lakini lisansi ya siasa kwa muda mrefu ilimtazama mnunuzi mmoja, serkali.

IV. Wengi mbele ya mlango mmoja

Tena hesabu ya watu ikageuka. Mwaka 1971 iniversite zote ziliunganishwa kuwa moja, chini ya Abe Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa amekwisha kuwa askofu msaidizi wa Kinshasa. Masomo ya siasa na utawala yakapelekwa Lubumbashi. Mwaka 1981 zikatengana tena. Nyuma ya hapo vyuo viliongezeka katika miji mingi, na masomo ya siasa yakafunguliwa upesi katika vingi vyao. Sababu yake si siri: fizika inataka vyombo, udaktari unataka hospitali, lakini siasa inataka chumba, ubao na mwalimu. Kitu rahisi kufungua kinafunguliwa mara nyingi; na kitu kilichojaa sokoni, bei yake inashuka.

V. Jibu kwa yule baba

Basi tumwambie nini? Tusimwambie kwamba elimu ya siasa ni bure. Mwaka 1960 taifa letu lililipa sana kwa kukosa watu wanaojua sheria, bajeti na mapatano ya mataifa. Gharama ile haikuandikwa katika kitabu cho chote cha feza, lakini iliandikwa katika makaburi. Nchi isiyo na watu wa elimu hii itatawaliwa na wajanja.

Lakini tumwulize maneno matatu. La kwanza: umehesabu yote? Si minervali tu, bali nyumba, chakula, vitabu, na ile miaka ya masomo ambayo kijana hatakuletea kitu. La pili: mtoto anajua kazi gani nyingine ya kumlisha akingojea, hesabu za biashara, lugha, ualimu? La tatu: akipata lisansi na asipate kiti, atakuwa mtu wa maana kwa kijiji chake, ao atarudi na uchungu? Akiweza kujibu, auze ng'ombe mmoja. Shamba asiuze, maana lina watoto watano wengine ndani yake.

Nanyi mafrateri, swali hili linawahusu. Huenda siku moja Askofu atamtuma mmoja wenu kusoma siasa. Mshahara wake hautaongezeka hata franka moja. Hapo ndipo mtaona elimu hiyo bila bei yake: kujua namna watu wanavyotawaliwa, ili kumsaidia maskini asidanganywe. Yule asiyeitaka kwa namna hiyo, tangu leo, asidhani kwamba diploma itampa moyo ambao seminari haikumpa.

Yule baba alirudi kwake usiku. Hakuwa amepata jibu moja, lakini alikuwa na hesabu mkononi. Jumapili iliyofuata alikuja pamoja na mtoto wake, na safari hii ni mtoto aliyeanza kuuliza.