Njia za Kibomet na Mipaka ya Walowezi

Atokaye Kitale kwa baraste ya Kapenguria, akafika Kibomet na kutaka kumzuru jamaa yake akaaye nyuma ya ua wa pili, aghalabu hulazimika kurudi hadi barabarani, kutembea kando ya lami, kisha kuingia tena kwa uchochoro mwingine. Na sababu ya mzunguko huo imo katika tarehe ya ardhi yenyewe.

Kitale ya kale, iliyotiwa nguvu na reli iliyowasili mwaka 1926, ilipimwa kwa mitaa inayokatana; lakini nje ya mji huo mdogo, nchi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwamo askari waliopewa ardhi baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na shamba la mlowezi, mamia ya ekari, lilihitaji njia moja tu itokayo kwa bwana hadi barabara kuu. Kibarua aliyetaka kwenda shamba la jirani alipita nyasini, au hakwenda.

Uhuru ulipokuja, mashamba mengi yalinunuliwa, mengine na serikali, mengine na makampuni ya wanunuzi waliochanga akiba zao, kisha yakataksimiwa. Hapo kila futi iliyoachwa kuwa njia ilikatwa katika fungu la mwanachama aliyekwisha kulipa. Basi nani angedai njia pana? Ilichorwa moja, ikapenya katikati na kukomea kwenye ua wa shamba la pili, ambalo nalo, lilipogawanywa baadaye, halikulazimika kuipokea. Mirathi ikafuata, ekari zikawa ploti za futi 50 kwa 100. Kweli, sheria ya mwaka 1967 iliutaka mgawanyo wa ardhi ya kilimo upate idhini ya bodi, ila bodi hiyo ililinda kilimo. Mitaa haikuwa shughuli yake.

Wapo wanaolaumu ufinyu, nami siafikiani nao. Vichochoro vya Lamu, ambamo punda na mzigo wake hupita kwa taabu, humfikisha mtu msikitini, sokoni na pwani kwa njia zaidi ya moja. Kasoro ya Kibomet ni njia zisizokutana.

Nyumba hubomolewa ikajengwa upya, lakini njia iliyozibwa kwa hati miliki za watu ishirini haifunguki ila kwa fidia. Nanyi ambao mashamba yenu pembezoni mwa Kitale yangali na mahindi, kabla ya kumwita mpimaji aweke bikoni, kaeni na jirani mkubaliane njia zenu zitakutana wapi.