Rubani na Wingu la Radi

Siku za masika, mtu asimamaye katika roshani za majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa katika utawala wa Mzee Abeid Amani Karume, huweza kuiona ndege iendayo kiwanja cha Kisauni ikigeuka na kwenda zake mbali, hali kiwanja ki karibu. Asiyejua husema rubani kaogopa. Lakini watu wa Unguja ni watu wa vyombo, wala hawakupata kumwita nahodha mwoga kwa sababu ameshusha tanga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikishukia kisiwa hiki, kikavunja majahazi, kikaangamiza merikebu za Sayyid Barghash papo hapo bandarini, na kung'oa mikarafuu isiyo na idadi. Vyombo vile vilikuwa vimetia nanga. Havikuwa na pa kukimbilia.

Rubani anapo, lakini si juu. Wingu la radi la nchi zetu za joto hupanda hata kilomita 15 na kupita, na ndege kubwa ya abiria huruka kilomita 10 hadi 12 tu. Basi aghalabu haina budi kulizunguka. Mambo yaliyomo ndani ya wingu hilo yalijulikana kwa ujasiri wa watu: mwaka 1946 na 1947 Wamarekani, wakiongozwa na mtaalamu Horace Byers, walirusha ndege za kivita makusudi ndani ya mawingu ya Florida na Ohio, wakapima jinsi hewa inavyopanda na kushuka. Katika miaka ya 1950 rada ikaanza kutiwa katika pua za ndege za abiria. Rada huonyesha mvua, si msukosuko wa upepo wenyewe; ndiyo maana marubani hufundishwa kujitenga na wingu kali kwa maili 20 za baharini.

Hata hivyo kukwepa nako kuna hatari yake. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, iliyotoka Abidjan kurudi Nairobi, ilipaa kutoka Douala, Kameruni, katika mvua ya radi. Rubani mkuu alitaka kwenda kushoto kidogo ili aliepuke wingu, na hapo hakukosea. Lakini ndege ilikuwa ikilalia kulia, polepole mno, gizani. Na mtambo wa kujiendesha, uliodhaniwa umeshika kazi, kumbe haukushika. Walipotambua, wakati ulikuwa umekwisha. Ndege ilianguka katika kinamasi cha mikoko, wakafa wote 114. Wingu halikuivunja ndege ile. Liliyashughulisha macho yaliyopasa kuitazama ndege yenyewe.

Ile ya Kisauni huzunguka, ikaonekana tena baadaye, mabawa sawasawa. Waliokuja kupokea jamaa zao hunung'unika kwa kucheleweshwa. Mafuta ya mzunguko ule yalikwisha kupimwa na kutiwa kabla ya kuruka.