Nani Alipokea Bei? Ukombozi wa Msalaba, kutoka Aleksandria hadi Mkunazini

Mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, mjini Unguja, sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na wekundu. Mwongoza watalii akifika hapo hushusha sauti. Hapa, husema, ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakachapwa, mnunuzi apate kuona nani mkakamavu. Huo wekundu ni damu yao. Kisha huwaonesha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Mwisho huwapeleka kwenye nguzo zilizosimikwa kichwa chini, miguu juu, na kuwasimulia kisa cha mafundi waliozisimika askofu akiwa hayupo. Wageni hucheka, hupiga picha, hutoka juani.

Mimi hubaki na lile duara. Msalaba upo katika kila kanisa, hata la makuti. Sakafu yenye hoja ni adimu. Edward Steere, aliyesomea sheria kwao Uingereza kabla ya upadri, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akakishika Kiswahili barabara hata mwaka 1870 akatoa kitabu cha kukifundisha. Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa tarehe 5 Juni 1873. Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Viwanja vingine vilikuwepo. Lakini Wamisionari wa Vyuo Vikuu, shirika la Steere na Tozer, walitaka meza ya sadaka ikae mahali ambapo miezi michache nyuma binadamu alikuwa akikaguliwa meno na kukatiwa bei. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu hayo.

Imani aliyoijengea ni kongwe: kwamba Kristo, kwa kuutoa uhai wake msalabani, alimshinda Shetani, dhambi na mauti, na waliokuwa mateka wakaachiwa. Mkristo wa kawaida huikiri bila kuuliza maswali. Waliouliza walijikuta mbele ya swali ambalo dalali yeyote wa Mkunazini angelielewa mara moja: kama tulikombolewa, bei ililipwa kwa nani?

Kwa Kiswahili swali hilo halikwepeki, kwa sababu ya neno lenyewe. Mtu aliyeweka shamba lake la mikarafuu rehani, akipata fedha, huenda kulikomboa. Hakuna anayekomboa kitu bure. Kuokoa ni jambo jingine: unamwokoa mtoto na maji au na moto, na maji hayakudai senti. Wafasiri wa Biblia walilipokea kila neno kwa kazi yake, ndiyo maana Yesu kwetu ni Mwokozi na ni Mkombozi pia, na masikio yetu huyachanganya mawili hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Pale Injili ya Marko inaposema, katika sura ya 10, kwamba Mwana wa Adamu alikuja kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengi, neno lililowekwa ni fidia, ambalo Mwislamu wa pwani alikuwa akilijua tangu zamani kwa fidia ya saumu. Kafara nayo haikuhitaji mwalimu. Katika baadhi ya miji ya mwambao, balaa lilipotishia, ng'ombe alizungushwa mji mzima huku watu wakisoma dua, kisha akachinjwa. Aliyewahi kumfuata ng'ombe yule hakuona ajabu kusikia kwamba damu ya mmoja inaweza kuwakinga wengi. Ajabu kwake ilikuwa kwamba mara hii aliyechinjwa ni mwana wa mwenye mji.

Kanisa la karne za kwanza lilikuwa karibu na soko la watumwa kama Unguja ya Barghash ilivyokuwa. Paulo aliwaandikia Wakolosai akitumia picha ya gwaride la ushindi la Kirumi, falme na mamlaka zikiburutwa nyuma ya gari la mshindi, zimevuliwa silaha. Karibu mwaka 180, Ireneo wa Lyon alimweleza Kristo kama Adamu mpya anayeirudia njia ya yule wa kwanza hatua kwa hatua, akashinda kila mahali yule aliposhindwa. Origene wa Aleksandria, Mwafrika wa karne ya tatu, ndiye aliyethubutu kulijibu swali la bei: alipewa Shetani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mateka mkononi. Akaongeza kwamba Shetani alikosea hesabu, maana nafsi aliyoipokea hakuweza kuizuia.

Gregori wa Nisa, karne moja baadaye, aliipeleka hoja hiyo baharini. Mungu, alisema, alifanya kama mvuvi: mwili wa kibinadamu ulikuwa chambo, na Umungu ulikuwa ndoana iliyofichwa ndani yake. Mauti ilimeza nyama, ikanasa. Mvuvi wa Bagamoyo au Lamu haoni kasoro katika mfano huo. Samaki asiyedanganywa haliwi. Wanateolojia wa baadaye waliuonea haya, wakisema haimpasi Mungu kulaghai hata laghai mkuu. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, hakuwa na haya hiyo. Yeye aliuita msalaba mtego wa panya.

Aliyekataa katakata alikuwa Gregori mwingine, wa Nazianzo, rafiki wa yule wa Nisa. Aliuliza kwa ukali: mnyang'anyi alipwe? Aliyeiba watu apewe kama ujira wa wizi wake si fedha tu, bali Mungu mwenyewe? Kwake huo ulikuwa ufedhuli. Wala hakukubali kwamba bei ililipwa kwa Baba, kwani si Baba aliyekuwa ametushika mateka. Alilitupa swali zima, akabaki na ushindi.

Karne kumi na tano baadaye hoja hiyohiyo ilishuka kwenye pwani yetu, mara hii na fedha taslimu juu ya meza. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakafungua misheni Bagamoyo. Watoto wengi wa kijiji chao cha kwanza walikuwa wamenunuliwa sokoni Unguja kwa sadaka zilizochangwa Ulaya. Kwa mapadri, huo ulikuwa ukombozi kwa maana zote mbili: mtoto anatolewa kwenye minyororo, kisha anabatizwa. Lawama nayo ilikuwa wazi. Anayemlipa mwindaji anampa mtaji wa msafara ujao. Gregori wa Nazianzo angeikubali lawama hiyo. Origene angewatetea mapadri kwa kuuliza mtoto yuko mkononi mwa nani, maana huyo ndiye wa kuzungumza naye. Sitaki kuwahukumu kutoka kwenye kiti changu cha leo. Mtoto aliyesimama sokoni asubuhi ile hakuwa na nafasi ya kungoja nadharia.

Lakini lipo jambo ambalo hadithi za misheni hulipita haraka. Waliokombolewa walikombolewa wakawe wa nani? Bagamoyo waliamshwa kwa kengele, wakalima kwa kengele, wakaozwa chini ya macho ya padri. Frere Town, makazi waliyoanzisha Waanglikana wa CMS Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliotolewa majahazini, kengele ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mahali penyewe hadi leo panaitwa Kengeleni. James Mbotela, mtoto wa jamii hiyo, aliandika historia yao katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na shukrani zake kwa Waingereza ni nyingi mno kwa msomaji wa leo. Kitu kilichokombolewa rehani hurudi kwa mwenyewe. Hawa hawakuwa na njia ya kurudi Unyasa wala Uyao.

Mmoja wa waliokombolewa, hata hivyo, alifika mbali. Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni Unguja, alipelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, mji ambao Anselmi alikuwa askofu wake mkuu. Anselmi ndiye aliyebadili mkondo wa hoja hii Magharibi. Katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098 alisema Shetani hana haki wala hati juu ya mwanadamu. Ni mtoro anayemshikilia mtoro mwenzake. Deni letu ni kwa Mungu, ambaye heshima yake imevunjwa, na ni Mungu-mtu pekee awezaye kulilipa. Lugha yake ni ya mabwana na watwana wa enzi za ukabaila: mdogo amemkosea mkubwa, fidia lazima ilingane na cheo cha aliyekosewa. Kutoka hapo makanisa ya Magharibi, ya Papa na ya Waprotestanti, yaliegemea zaidi kwenye deni na adhabu, na ule ushindi juu ya Shetani ukabaki katika nyimbo za Pasaka. Majaliwa alirudi, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake. Mtu aliyewahi kuwa na bei sasa alikuwa na ruhusa ya kuinua kikombe.

Katika karne ya ishirini neno lililotawala Afrika Mashariki halikuwa deni. Lilikuwa damu. Mwaka 1929, Kampala, Simeoni Nsibambi, Muganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, walikaa pamoja kusoma Biblia. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, ukafika Kabale, Buganda, Bukoba, Dodoma na nyanda za juu za Kenya. Waliouwasha waliitwa Balokole, waliookoka. Walisimama hadharani kutubu, walirudisha vitu walivyoiba, na kila aliyetubu alipokewa kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda unaosifu damu ya Yesu na kuimbwa hadi leo hata na wasiojua Kiganda. Kwao Shetani alikuwa amehama sokoni, akakaa moyoni. Ni upanuzi au ni upunguzaji? Naona vyote viwili. Mlokole alijichunguza kwa ukali ambao maaskofu wengi hawakuuweza, lakini ukimsikiliza sana ungedhani mkoloni hayupo.

Hadi pale mkoloni na wapinzani wake walipomfuata nyumbani. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952, Wakristo wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walitakiwa kula kiapo cha Mau Mau, ambamo damu na nyama ya mbuzi vilikuwa na nafasi yake. Waliokataa walitoa sababu fupi: wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Waliokula kiapo nao walikuwa wakidai ardhi waliyonyang'anywa, na neno la madai yao kwa Kiswahili ni lilelile: ukombozi.

Kwa kumbukumbu ya waliouawa, kanisa lilijengwa Murang'a, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukuta wake ulipewa michoro mikubwa mitano na Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, Kusulubiwa. Kristo wake ni mweusi, na mabonde nyuma yake ni ya Murang'a yenyewe. Njau hakuchora mshindi wa gwaride la Kirumi. Alichora jirani aliyeuawa, katika kanisa ambamo ndugu wa muuaji na wa aliyeuawa wangeweza kuketi benchi moja.

Miaka michache baadaye, mwaka 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Dar es Salaam Kamati yake ya Ukombozi. Hakuna aliyeona haja ya kutafuta neno jipya.

Ulaya nako hoja ya ushindi ilikuwa imefufuka. Gustaf Aulén, mwanateolojia wa Lund, Sweden, katika mihadhara aliyotoa Uppsala mwaka 1930, alidai kwamba imani asili ya Kanisa ilikuwa ni Kristo mshindi, na deni la Anselmi lilikuwa mchepuko wa baadaye. Alizidisha chumvi kidogo, lakini aliwarudisha wasomaji kwa Ireneo. Kisha Oscar Cullmann wa Basel, mwaka 1946, vita vimekwisha tu, alitoa mfano ambao Wakristo wengi wanaendelea kuutumia: pigano linaloamua vita linaweza kutangulia sana siku ya amani, na kati ya siku hizo mbili watu huendelea kufa. Msalaba ni lile pigano. Siku ya amani bado.

Cullmann aliitazama Ulaya. Mfano wake ungeikaa Unguja zaidi. Soko lilifungwa Juni 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa. Kwa miaka ishirini na minne mashamba ya mikarafuu nje ya mji yaliendelea kulimwa na watumwa, hata baada ya kanisa kukamilika na waumini kuanza kupiga magoti karibu na lile duara. Amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria ilitolewa na Seyyid Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuomba uhuru wake. Amri hiyo ilijibu pia lile swali la Origene, na jibu lake lingemkasirisha Gregori wa Nazianzo: fidia ililipwa kwa mabwana. Watumwa hawakupewa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, wakasubiri hadi 1909.