Njia ya Nyalgunga

Mjini Kisumu gazeti husomwa kwanza kwa kuinama. Wauzaji hupanga magazeti chini kando ya Barabara ya Oginga Odinga, kijiwe juu ya kila rundo ili upepo wa ziwa usiyapeperushe, na wapita njia husimama mikono nyuma wakisoma vichwa vya habari bila kutoa senti. Nimeanzia hapo kwa makusudi. Njia ninayoifuata ilipita kwenye karatasi kabla haijafika kwenye udongo.

Ni njia ya maiti. Wakili Silvano Melea Otieno, ambaye Wakenya walimjua kama S.M., alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukakataa: mtoto wa Alego, huko Siaya, atalala Nyalgunga, alikozaliwa. Mwili ulikaa mochari kwa zaidi ya siku 150. Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo ushindi tarehe 13 Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye tarehe 15 Mei, na tarehe 23 Mei Otieno akazikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Tumezoea kuisimulia kesi hiyo kama ugomvi wa kabila na kabila, Mkikuyu na Mjaluo. Sipingi. Lakini chini ya kabila kulikuwa na tabaka, na magazeti yalilibeba tabaka hilo kila asubuhi bila kulitaja kwa jina. Magazeti yalimwandama Wambui mara mbili maishani mwake: mwaka 1987 kwa sababu ya mume aliyekufa, na mwaka 2003 kwa sababu ya mume aliye hai. Nikiziweka habari hizo mbili pamoja ndipo naona kitu ambacho kila moja peke yake ilinificha.

Kenya haina mfalme. Ina nyumba kubwa, na ya akina Waiyaki ni mojawapo. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa Dagoretti aliyegongana na kampuni ya Waingereza. Wakamkamata, wakaanza kumpeleka pwani, akafia njiani Kibwezi mwaka 1892. Alizikwa huko huko, mbali na kwake, na watu wasiokuwa wake. Wambui alikuwa kitukuu wa mtu huyo. Baba yake alikuwa afisa wa polisi wakati wa ukoloni, na kaka yake, Dkt. Munyua Waiyaki, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Yeye mwenyewe aliingia Mau Mau akiwa kijana na akafungwa kizuizini Lamu. Kila nikifikiria jinsi alivyoshikilia kwamba mumewe azikwe na mkono wake, namkumbuka yule mzee wa Kibwezi. Sijaona gazeti la 1987 lililoweka makaburi hayo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Matatu ya Siaya hutoka stendi ikijaa. Tunapita Kisian, tunapanda hadi Maseno, pale kibao cha ikweta kinaposimama kando ya lami, kisha Luanda. Nikiwa kwenye kiti nafungua nakala nilizobeba. Magazeti ya wakati ule yalichapisha maswali ya mawakili na majibu ya mashahidi karibu neno kwa neno, siku baada ya siku, na watu walisoma kama wanaofuata hadithi.

Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alimjenga marehemu kama mtu wa mjini. Mahakama ilielezwa kwamba Otieno alipenda Shakespeare, alitazama Perry Mason, watoto wake hawakulelewa kwa Kijaluo. Wakili wa ukoo, Richard Kwach, alijibu kwa jambo ambalo kila mtu wa kando ya ziwa analijua tangu utoto: *ot* ni nyumba, *dala* ni boma. Unaweza kujenga *ot* popote, hata Lang'ata, hata iwe na vyumba kumi na magari mawili mlangoni. *Dala* haijengwi kwa pesa. Unaifungua kwa utaratibu wake, baba akiwepo, kwenye ardhi ya ukoo. Kwa hoja hiyo moja utajiri wa Otieno ulipoteza uzito. Jumba la Nairobi likawa mahali pa kulala tu.

Hapo ndipo alipoingia Albert Ong'ang'o. Kazi yake ilikuwa kuchimba makaburi. Aliieleza Mahakama Kuu kwamba Otieno mwenyewe, walipokuwa kwenye mazishi huko nyumbani, alimwambia kwamba siku yake ikifika amchimbie kaburi pale pale. Mzee wa jembe alitoa ushahidi juu ya wakili wa Nairobi, na maneno yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu sawa na ya profesa Odera Oruka, mwanafalsafa aliyeitwa kueleza mila. Lakini magazetini kazi yake iliambatana na jina lake kila alipotajwa, kama kitasa na mlango. Mchimba makaburi. Nimejaribu kumfikiria msomaji wa Nairobi akisoma neno hilo wakati wa chai. Alikuwa ameshapewa cha kuhisi kabla ushahidi haujaanza.

Julai 2003 Wambui, mwenye umri wa miaka 67, alifunga ndoa ya serikali Nairobi na Peter Mbugua, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30. Mbugua alikuwa mwashi. Fundi wa mjengo, kama tunavyosema. Nchi nzima ilisimama. Katika habari nilizosoma, namba mbili hutangulia, umri wa Wambui na umri wa Mbugua, kisha inakuja kazi ya kijana, na jina lake linafuata mwisho. Umri ungetosha kuifanya iwe habari, na sioni kosa kuutaja. Swali langu ni kuhusu mawe. Kwa nini mawe yaliandikwa tena na tena? Kwa sababu mwashi maskini akioa mjane mwenye ardhi, msomaji hujaza nafasi iliyoachwa: amefuata mali. Mwandishi haandiki shtaka. Anaweka kazi ya mtu palipotakiwa kuwa na ushahidi.

Nimeishi nchi hii nikiona wazee wenye vyeo wakioa wasichana wa umri wa wajukuu wao, waliotoka jikoni au dukani, na sikuona gazeti likiuliza baba wa bibi harusi hufanya kazi gani. Kwao ilikuwa harusi. Kwa Wambui ikawa kashfa, kwa kuwa alikuwa mwanamke, na kwa kuwa alishuka ngazi ambayo wanaume huishuka kila siku bila kuulizwa.

Sisi si wa kwanza wala si peke yetu. Uingereza, kabla Kate Middleton hajaolewa na Prince William mwaka 2011, magazeti yalirudia mara nyingi kwamba mama yake aliwahi kuwa mhudumu wa ndege na kwamba mababu zake walichimba makaa ya mawe Durham. William alimchumbia hapa hapa Kenya mwaka 2010. Wachimba makaa wa Durham na mchimba makaburi wa Alego waliingia magazetini kwa mlango mmoja.

Siaya mjini nilichukua bodaboda. Alego ni nchi ya vilima vya chini, mihogo, mtama, na kila boma lina makaburi yake mbele ya nyumba, mengine ya saruji, mengine ya udongo ulioanza kuota majani. Nyalgunga nilimkuta mzee ameketi kivulini karibu na duka. Nilimsalimu, nikamwuliza kama alikuwepo siku ile ya Mei.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "nani hakuwepo? Watu walijaa mpaka huoni nyasi."

Nikamwuliza kuhusu Wambui na yule kijana. Nilitarajia huruma, au kicheko. Akafikiri kidogo.

"Kwetu yule ni *chi liel*. Mke wa kaburi. Hata akikaa na mtu mwingine, ni mke wa Otieno. Huyo kijana alikuwa anatunza nyumba ya mwenzake."

Niliondoka na maneno hayo moyoni, na bado yananisumbua. Mzee hakujali kwamba Mbugua alikuwa mwashi. Hilo halikuwa kitu kwake. Lakini mila nayo ilikuwa na ngazi yake, na ilikuwa imeshamketisha kijana chini, mlinzi wa boma la maiti. Wambui alitangaza mapema kabisa, mwaka 1987, kwamba hatarithiwa na mtu, kama mila ilivyotaka. Miaka 16 baadaye alichagua mwenyewe, mbele ya sheria, kwa saini yake. Namheshimu mzee yule, lakini hapa nasimama na Wambui. Aliyeolewa tena kwa hiari yake ni mke wa aliye hai.

Wambui alifariki tarehe 30 Agosti 2011. Alizikwa Upper Matasia, kwenye udongo aliotaka kumpa Otieno. Otieno amebaki huku Alego, peke yake kati ya ndugu zake.

Jioni nilirudi Kisumu. Wauzaji walikuwa wakikunja magazeti ya siku ambayo hayakununuliwa, wakiyafunga kwa kamba. Kiswahili kina neno la mwanamume aliyefiwa na mkewe, neno tunalolisahau kwa kuwa tumezoea kuhesabu wajane tu. Sikuliona katika nakala zangu, kwa hiyo naliandika hapa, na jina likitangulia: Peter Mbugua, mgane wa Wambui.