Jinsi Copenhagen inavyopasha nyumba zake joto

KATIKA mataifa ya kaskazini mwa Ulaya, kupasha nyumba joto wakati wa kipupwe si anasa bali ni suala la uhai. Hata hivyo, nyumba nyingi mno jijini Copenhagen, Denmark, hazina tanuri lake lenyewe.

Maji hupashwa moto katika mitambo michache mikubwa, kisha husafirishwa kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi majumbani. Yakishatoa joto lake, hurejea mtamboni kupashwa upya.

Mfumo huo ulianza mwaka wa 1903 katika mji jirani wa Frederiksberg, ambako joto la kuteketeza taka lilipelekwa hospitalini. Lakini kilichouimarisha ni uhaba wa mafuta wa 1973. Wakati huo Denmark ilitegemea mafuta ya kigeni kwa takriban asilimia 90 ya kawi yake. Mnamo 1979 ilipitisha sheria iliyozitaka serikali za mitaa kupanga ni maeneo gani yatapata maji moto na yapi yatatumia gesi.

Mpango huo una msingi wa hesabu. Mtambo wa kawaida wa makaa ya mawe hugeuza takriban asilimia 40 tu ya kawi kuwa umeme. Sehemu kubwa ya iliyosalia hupotea baharini au hewani. Joto hilo likielekezwa majumbani, hadi asilimia 90 ya kawi hutumika.

Kwa kuwa mabomba ni ghali, mfumo huu hufaa zaidi penye msongamano wa majengo. Aidha, kuta zikizibwa vyema dhidi ya baridi, maji ya joto la chini hutosha, na kinachopotea njiani hupungua.

Usafi wake, hata hivyo, hutegemea kinachochomwa. Mtambo wa Amager uliacha makaa ya mawe mwaka wa 2020 na kugeukia kuni. Wakosoaji husema mti huchukua miongo kadhaa kufyonza tena hewa chafu iliyotolewa kwa saa chache. Mnamo 2022, jiji hilo lilikiri kwamba halingetimiza lengo lake la kukomesha uchafuzi huo kufikia 2025.

Ubora wa mabomba hayo ni kwamba hayabagui chanzo. Maji yakipashwa kwa taka, mvuke wa ardhini au umeme wa upepo, mwenye nyumba hahitaji kubadilisha chochote. Abadilishaye ni mwenye mtambo.